Karatasi Zilizomo Masandukuni: Maneno ya Kamati kwa Wana Ukerewe



Katika harambee zetu tumezoea kuzungumza madawati, zahanati na visima. Safari hii kamati imeomba nafasi kidogo izungumzie karatasi. Tunajua wapo walioguna tulipoweka jambo hili kwenye ajenda. Tunaomba mtuvumilie.

Mzee wetu Aniceti Kitereza wote tunamfahamu, na ambaye hakumsoma amemsikia. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa mapadri Kagunguli, kisha seminari ya Rubya kule Bukoba. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, pamoja na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Padri Almas Simard, Mkanada, alikuwa miongoni mwa waliomtia moyo. Kazi ilikwisha, lakini mchapishaji hakupatikana. Nani angechapa kitabu kikubwa hivyo kwa lugha ya kisiwa kimoja?

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuja Ukerewe watafiti wawili Wamarekani, mtu na mkewe, Gerald na Charlotte Hartwig. Wakamhimiza mzee akitie Kiswahili, naye akafanya hivyo kwa mkono wake mwenyewe ingawa mwili ulikuwa umeshachoka kwa maradhi ya viungo. Tanzania Publishing House wakakitoa kwa tarehe ya 1980. Mzee alifariki mwaka 1981, na nakala zilizochapwa hazikumkuta hai.

Hesabuni miaka wenyewe. Toka 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Muda wote huo kile tunachokiita leo fahari ya Ukerewe kilikuwa rundo la karatasi ndani ya nyumba, kwenye unyevu wa ziwa, pamoja na mchwa, panya na mvua. Mtungi mmoja wa maji ungepinduka, leo tungekuwa tunasimuliana kwamba palikuwa na mzee aliyeandika kitu.

Tena hata baada ya Kiswahili kuchapwa, ule mswada wa Kikerewe haukuwa takataka. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota walitoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na ndugu yetu Profesa Gabriel Ruhumbika, naye hakupitia kwenye Kiswahili. Alitafsiri kutoka Kikerewe chenyewe. Aliweza kwa sababu Kikerewe kilikuwapo.

Kisiwa chetu kimezaa waandishi kuliko ukubwa wake. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kutuacha Januari 2020, ni wetu. Ruhumbika ni wetu. Lakini hatuzungumzi habari za wenye majina tu. Wapo makatekista walioandika nasaba za koo, walimu waliokusanya methali na nyimbo za kilimo, makarani wa baraza, wavuvi walioandikia ndugu zao barua kutoka Musoma na Kisumu. Hizo nazo ni kumbukumbu, na hazina nakala ya pili popote.

Tuliwahi kufika katika nyumba moja, hatutaitaja, tukiuliza daftari za marehemu babu. Tukaambiwa zilikuwapo nyingi, ila watoto walikuwa wakizichana kufungia karanga. Aliyetujibu hakuona kosa, na kusema kweli hatukuweza kumlaumu. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Barua za Shaaban Robert zinatufundisha kitu. Alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi, na Ulenge akazitunza. Shaaban alifariki 1962. Mwaka 2002 Profesa Mulokozi alizihariri, zikatolewa na TUKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zikiwa ni barua za 1931 hadi 1958. Mle mnamsikia mshairi akizungumza kama kaka na mdogo wake, mambo ambayo hayamo katika mashairi. Tunazo kwa sababu kuna mtu hakutupa bahasha.

Sasa ziwekwe wapi? Hapa kamati iligawanyika, na hatuoni aibu kusema. Wazee wengine walisema vitu vya Ukerewe vibaki Ukerewe, vimekwishaondoka vingi. Wengine walisema maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo sehemu ya Afrika Mashariki, ambamo hata makaratasi ya Hans Cory, yule aliyeandika mila za Wasukuma, yanatunzwa, na mtafiti akitaka anayapata. Tulibishana jioni nzima. Tulipofikia ni hapa: karatasi halisi ziende penye chumba kikavu, mlinzi na mtu aliyesomea kazi hiyo, na nakala zilizopigwa picha zibaki Nansio, zisomwe na watoto wetu bila nauli ya meli. Mzee mmoja hakukubali mpaka mwisho, na tunamheshimu. Bado hatujaandikiana na maktaba yoyote. Kwanza tunataka idhini yenu.

Familia zisiogope. Kukabidhi karatasi si kukabidhi haki. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 haki ya mwandishi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na warithi ndio wenye nayo mpaka waiandikie mtu mwingine. Na kama barua ina habari za deni au ugomvi wa ndoa, mkataba unaweza kusema isifunguliwe kwa miaka kadhaa. Yaandikwe hayo kabla boksi halijatoka nyumbani. Ahadi ya mdomo haitoshi, hata kwa mtu mwema.

Wakati mnasubiri, fanyeni haya. Msiweke sanduku la bati sakafuni, liinueni juu ya matofali. Ondoeni pini za chuma taratibu, kutu inakula karatasi. Msibandike selotepu penye mpasuko na msipeleke kuvishwa plastiki, maana haivuliki tena. Iliyolowa ianikwe kivulini. Kama mnatia namba, tumieni penseli. Na msipange upya: kama mzee alifunga barua za mwaka mmoja kwa kamba moja, ule mfungo wenyewe una habari.

Fedha tunayoomba leo katika fungu hili ni ya mashine ya kupiga picha nyaraka, diski mbili za kuhifadhia zitakazokaa nyumba tofauti, maboksi ya kufaa, na nauli ya vijana wawili watakaozunguka vijijini wakiwa na mzee anayesoma Kikerewe cha zamani. Huyo mzee ndiye wa haraka kuliko mashine. Wamebaki wachache.

Daftari la ahadi liko meza ya kushoto, kwa mweka hazina. Na mwenye karatasi nyumbani, hata kama ni barua moja, aandike jina na kijiji kwenye daftari la pili, lile la jalada la kijani.