Kumbukumbu ya Ng'ombe ni Haki ya Mfugaji

(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, Upanga, Dar es Salaam)



Tumekutana Upanga, mwendo mfupi tu kutoka soko la Kariakoo, katika mji ambao maziwa yetu hunywewa na watu wasiomjua ng'ombe wala mwenyewe. Kwa miaka kumi hii yatupasa kumshukuru Mungu. Walakini kazi ya katibu ni kukumbusha.

Mnakumbuka masika yale paa la ofisi lilipovuja, daftari la mapokezi likalowa, na wino ukafutika. Mama mmoja alikuja kudai lita zake za majuma mawili. Sisi hatukuwa na maandiko, naye hakuwa nayo. Tulimlipa nusu kwa kukisia, akaondoka bila neno. Kimya chake kilinitia haya kuliko matusi.

Zizini nako hasara ni ile ile. Ng'ombe huingia joto kila siku 21 hivi, na aghalabu joto lenyewe halidumu siku nzima. Likipita bila kuonekana, majuma matatu yamepotea. Mimba ni siku 280 hivi, na yapasa akaushwe maziwa siku 60 hivi kabla ya kuzaa. Ni nani awezaye kuyashika hayo yote kichwani kwa ng'ombe wanne?

Huko Kenya, mwaka 2011 ilianza huduma ya iCow, iliyobuniwa na Bibi Su Kahumbu. Mfugaji huandikisha tarehe ya kupandishwa kwa ng'ombe wake, kisha hukumbushwa kwa ujumbe mfupi, hata katika simu ya kawaida. Hapa Tanzania, mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na wenzake walianza mradi wa kuandikisha ng'ombe na kupima maziwa yao kwa njia ya kidijitali, na wafugaji wakarudishiwa ushauri kwa simu.

Naam, simu haimkamui ng'ombe wala haimlishi. Tena ukiiandikia uongo, itautunza uongo huo kwa uaminifu.

Basi naomba mambo mawili. Kila jioni mwanachama aandike lita na tarehe, iwe kwa simu au kwa penseli. Nasi ofisini, kila tupokeapo maziwa, tumpelekee mwenyewe ujumbe wa kipimo papo hapo, ili asije mtu mwingine akaondoka kimya na nusu ya haki yake.