KUTUA KWA DHARURA HUKAMILISHWA NA WALIO CHINI

Ndege ndogo ipatapo hitilafu angani, rubani hana muda wa mashauri marefu. Hutafuta mahali palipo wazi, huukabili upepo, kisha hushuka. Zoezi hilo hurudiwa mara nyingi katika ndege za mafunzo, hata likawa mazoea.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kutoka Mocímboa da Praia hadi Palma na mlango wa mto Ruvuma, makimbilio ya namna hiyo ni machache. Wakati wa kipupwe, kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Aidha, mji wa Mocímboa da Praia, pamoja na uwanja wake wa ndege, ulitekwa na wapiganaji wa itikadi kali mwezi Agosti 2020. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliukomboa tarehe 8 Agosti 2021. Kwa mwaka mzima marubani wa pwani hiyo walikosa kimbilio moja.

Hatari nyingine ilitoka ardhini. Mwezi Aprili 2020, katika jimbo hilo, helikopta nyepesi ya Gazelle, aina iliyotumika pia kufundishia marubani wa majeshi ya Uingereza, ilipigwa risasi ikalazimika kutua. Chombo kilipotea, lakini waliokuwemo waliokolewa. Rubani alitimiza wajibu wake kwa kukishusha. Wenzake waliukamilisha kwa kufika mapema.

Mifano mingine yathibitisha jambo hilo. Tarehe 15 Januari 2009, wakati wa baridi kali, ndege ya abiria iliyogongana na mabata bukini ilitua juu ya mto Hudson, jijini New York. Watu wote 155 walipona, maana vivuko viliwafikia katika dakika chache. Huko Bukoba, Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Watu 19 walikufa, 24 waliokolewa.

Basi askari wa doria asidhani kwamba ajali ya ndege ni kazi ya mafundi peke yao. Huenda yeye ndiye atakayefika kwanza. Wajibu wake wa kwanza ni kuokoa maisha. Wa pili ni kuzuia moto na sigara penye mafuta yaliyomwagika, na kuuweka umati mbali. Wa tatu ni kuyalinda mabaki. Kila kipande ni shahidi, na kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zasema kwamba uchunguzi hufanywa ili kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kulaumiwa. Achukuaye kipande kuwa kumbukumbu humnyima rubani wa kesho onyo ambalo lingemwokoa.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Rubani hujifunza kutua kabla injini haijazimika. Askari naye hana budi kujifunza kumpokea kabla ndege haijaanguka.