Mazungumzo juu ya Kuchonga Bao



Wazee wangu, waalimu na ndugu zangu wa Singida, nataka kuwaeleza habari za kuchonga bao la kete kwa mikono yetu wenyewe. Wengi wetu tulijifunza mchezo huu kwa vishimo vya mchangani. Mvua ikanyesha, bao likatoweka. Bao la mti hudumu, tena humkumbusha kijana kila alionapo.

Tafuta ubao wa mninga uliokauka. Bao langu la kwanza nalichonga ubao ungali mbichi, ukapasuka katikati. Basi uweke kivulini mpaka ukauke kabisa. Urefu uwe inchi 30, upana inchi 14, unene inchi 2. Piga mistari kwa uzi uliopakwa mkaa, upate safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32. Kila shimo liwe na upana wa inchi 2 na nusu, na kina cha inchi 1. Lichimbe kwa bobari, ulikwangue mpaka kidole kiingie pasipo kuchomwa na vibanzi.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa, yaani nyumba. Katika safu ya mbele ya kila mchezaji mna shimo moja la pembe nne, nalo ni la tano toka kushoto kwake. Katika bao langu la pili nalihesabu pande zote mbili nikiwa nimekaa mahali pamoja, nyumba zikatazamana. Nikampelekea mzee mmoja kwa majivuno. Akaligeuza, akacheka, akasema, "Mwanangu, huyu wa ng'ambo umemhamisha kwake." Dawa yake ni nyepesi: ukiisha kuhesabu upande mmoja, simama, zunguka, uketi upande wa pili, uhesabu tena. Hapo nyumba hazitakabiliana.

Kete ni 64. Watu wa pwani hutumia komwe. Sisi twaweza kuokota kokoto laini zilizo sawa. Mchezo ukianza, kila mtu hutia kete 6 katika nyumba, na kete 2 katika kila moja la mashimo mawili yafuatayo kuume. Zile 22 zilizosalia ni akiba yake, naye huzinamua moja moja. Mwisho, lipake bao mafuta ya alizeti, ambayo kwetu hayatafutwi mbali.

Yule mzee amekwisha kufariki. Mwaka 1995 Mholanzi mmoja, Bwana Alex de Voogt, alitoa kitabu juu ya ubingwa wa bao, baada ya kuketi na mabingwa wa Unguja. Je, sisi nani ameketi na wazee wetu? Bao pasipo mtu wa kulieleza ni ubao wenye matundu tu.

Kwa hiyo, mwalimu, chonga bao moja pamoja na watoto wako, kisha mwalike mzee alikague kabla hamjatia kete. Akicheka, msione haya, mwulizeni sababu.