Barua Kutoka Nyumbani



Ndugu wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko Singida mjini, Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi, pamoja nanyi mlio mbali ambao hata leo mkisema "nyumbani" mnamaanisha huku kwetu kwenye mawe na upepo. Kila mwaka, mtama ukiisha kuingia ghalani na alizeti ikiisha kuuzwa, nauli hupatikana. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, na baina ya mavuno na mvua za Desemba shamba halimdai kijana kazi kubwa. Basi ndipo mabasi ya alfajiri yanapojaa vijana wa miaka kumi na minane, ishirini, ishirini na miwili, kila mmoja na begi moja, na juu ya basi matenga ya kuku wa kienyeji wanaokwenda mji uleule.

Leo napenda tutafakari juu ya vijana hao. Na kwa kuwa wengi wanaonisikiliza saa hizi ni wazazi, napenda tutafakari pia juu ya wale wanaobaki kituoni wakipunga mkono.

Kwanza tuondoe lawama. Wapo wanaosema kwamba vijana wa siku hizi wamelaaniwa na tamaa ya mji. La hasha. Zamani za misafara, wapagazi waliotoka Unyamwezi kwenda Bagamoyo walikatisha Mgunda Mkali, yaani pori lile la Itigi na Manyoni, na njaa na kiu ya njia hiyo vilijulikana hadi pwani. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ilikuwa imepita Manyoni na Itigi, na njia ya kwenda pwani ikawa fupi. Baadaye wakaja wapiga mbiu wa mashamba ya mkonge, na babu zetu wakaitwa manamba. Siku hizi kuna lami hadi Dodoma, ambako serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu na kuanzia mwaka 2016 ikahamia kweli. Na tangu mwaka 2024 kutoka Dodoma kuna treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Mkoa huo wa Dar es Salaam katika sensa ya mwaka 1967 haukufikisha watu laki nne. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728. Idadi hiyo haikutokana na vizazi vya mjini peke yake, ndugu zangu. Imetokana pia na mabasi ya alfajiri.

Katika Kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya ishirini na tisa, tunasoma habari ya barua. Mfalme Nebukadneza alikuwa amewachukua watu wa Yerusalemu, mfalme wao, mafundi wao na wahunzi wao, akawapeleka Babeli. Hawakupanda basi kwa hiari yao. Hapo mfano wetu unachechemea, nami nakiri hivyo mapema ili mtu asinikosoe. Lakini tazameni ni nani anayeandika barua. Yeremia hakuchukuliwa, yeye alibaki. Barua ile ni ya mtu aliyebaki nyumbani akiwaandikia walioondoka. Nayo ilipelekwa kama barua na vifurushi vyetu vinavyopelekwa, kwa mkono wa watu waliokuwa na safari yao wenyewe: Elasa na Gemaria, waliokuwa wametumwa na mfalme Sedekia kwenda Babeli.

Anawaambia nini? Anawaambia wajenge nyumba huko huko na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuolewa, wawaoze watoto wao. Tena anawaambia wautakie amani mji ule na kuuombea, kwa maana amani ya mji ndiyo itakayokuwa amani yao. Mji wa adui! Msikilizaji wa siku zile bila shaka aliisoma barua hiyo mara mbili.

Ili tuielewe, yatupasa kusoma sura iliyotangulia. Alikuwapo nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya watu akatangaza kwamba mambo yale yangedumu miaka miwili tu, kisha kila mtu na kila chombo kingerudi. Bila shaka watu walimpenda Hanania. Nani asiyependa kuambiwa miaka miwili? Na kijana anayepanda basi pale stendi ya Singida naye ana Hanania wake moyoni: "Nitakaa miaka miwili, nipate mtaji, nirudi nifungue duka." Wapo waliofanya hivyo, nao ni wachache. Walio wengi hukaa mwaka wa pili, wa tano, wa kumi, na miaka yote hiyo wanaishi kama mtu aliyeketi juu ya begi lake akingoja gari. Hajajiandikisha kwa mjumbe wala kwa mwenyekiti wa mtaa. Hajui jina la jirani anayetenganishwa naye kwa ukuta mmoja wa matofali. Jumuiya ndogondogo inasali nyumba ya tatu kutoka kwake, naye hajaenda, kwa sababu anasema yeye ni wa kupita. Siku akishikwa na homa usiku, hakuna anayejua kwamba hajaamka.

Nasema haya kwa uzito, ndugu vijana. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe kazi ya kwanza ya Kanisa, hawakuwa wakitafuta kikundi kingine cha kuimba. Walitaka pawepo mahali ambapo mtu anafahamika kwa jina. Kwa hiyo mkifika mji mgeni, jambo la juma la kwanza ni hilo: nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ujulikane, nenda kwenye jumuiya ujulikane. Kazi yaweza kuchelewa; kujulikana kusichelewe.

Mji nao una desturi zake ambazo mzazi wa kijijini hazijui, na si vibaya kuzitaja hapa redioni. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali aliyekuonyesha chumba hutaka kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Kijana ambaye hajapata hata mshahara wa kwanza atazitoa wapi fedha hizo? Ndiyo maana hufikia kwa ndugu, akalala sebuleni. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema vema, kwa kuwa walikuwa na shamba la kumpeleka. Mjini mwenyeji hana jembe la kutoa. Yeye mwenyewe analitafuta. Ndipo chuki inapoingia katika nyumba ya watu waliopendana, bila mtu yeyote kuwa mwovu. Wenyeji, mwambieni mgeni wenu tangu mwanzo ni miezi mingapi mnaweza kumhifadhi. Wageni, msiudhike kwa kuambiwa. Chagieni mkaa, choteni maji.

Sasa niseme neno juu ya binti zetu. Kutoka mkoa huu wasichana wengi huchukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dodoma, Arusha, Dar es Salaam. Anakuja mama mmoja mwenye lugha tamu, anamwahidi baba mshahara na cherehani, na kesho yake mtoto hayupo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya umri wa miaka 14, na hata aliyetimiza umri huo haruhusiwi ila kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumnyima masomo. Basi kazi ya kuamka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku ni nyepesi kwa nani? Mzazi anayemruhusu binti yake mtu mzima aende, na ajue jina la mtaa, jina la mwajiri na namba ya simu, na azipime ahadi hizo mbele ya shahidi. Nanyi mnaonisikiliza mkiwa mjini, huku binti wa watu akiwapigia pasi nguo za Misa: je, leo anakwenda kusali? Mshahara wake wa mwezi uliopita uko mkononi mwake, au bado mnamtunzia?

Narudi kwenye barua. Nimeisoma mara nyingi, na jambo lililonigusa ni jambo lisilokuwamo. Katika barua ile yote hakuna mstari unaodai kitu. Yerusalemu ilikuwa imeporwa, hazina ya hekalu ilikuwa imebebwa, waliobaki walikuwa maskini. Wangeweza kuandika: ninyi mafundi mnaopata ujira huko, tukumbukeni. Yeremia hakuandika hivyo.

Wazazi wenzangu katika imani, mnajua ninachokusudia. Tuseme kijana amekwenda, na miezi mitatu ya kwanza alipiga simu kila Jumapili. Kisha tukaanza: mdogo wako anadaiwa sare, bati limetoboka, shangazi ana kilio, tutumie chochote. Naye hana. Anabeba mizigo sokoni, anakula mara moja kwa siku. Mara ya kwanza alikopa akatuma. Mara ya pili akadanganya kwamba atatuma. Mara ya tatu akazima simu. Sisi huku tunasema, mji umemharibu, amesahau kwao. Kumbe hakusahau, anaona haya. Kati ya wale tunaowaita waliopotea mjini, wako wengi ambao hawakupotezwa na pombe wala na marafiki wabaya. Wamepotezwa na aibu ya kutokuwa na cha kutuma. Wengine hata mzazi akifa hawaji, kwa kukosa nauli na kukosa uso.

Sisemi kwamba mtoto asiwasaidie wazazi wake. Amri ya nne ipo palepale. Nasema kwamba barua ya kwanza na ya pili na ya tatu zisiwe za kudai. Mwulizeni amelala wapi, jirani yake anaitwa nani, anasali wapi. Mkiweza, mtumieni ninyi: debe la unga wa mtama, chupa ya mafuta ya alizeti, kwa basi.

Neno moja limebaki, nalo ni gumu. Katika sura hiyohiyo umo ule mstari wa matumaini ambao watu hupenda kuuandika kwenye kalenda. Wanaouandika huuacha mstari uliotangulia, unaotaja miaka sabini. Miaka sabini! Maana yake wengi wa walioisomewa barua ile hawakurudi tena. Yeremia hakuwaficha jambo hilo, naye alikuwa akiwapenda. Barua ilimchukiza mtu mmoja huko Babeli, Shemaya, akaandika kwenda Yerusalemu akitaka mwandishi atiwe pingu.

Wengine waliipokea namna nyingine. Ezekieli alikuwa kijana wa ukoo wa makuhani, amechukuliwa katika uhamisho uleule. Nyumbani angekuwa akijiandaa kwa utumishi wa hekalu. Katika kitabu chake, mwanzoni mwa sura ya nane, tunamkuta katika mwaka wa sita wa uhamisho. Ana nyumba, naye ameketi ndani yake, na wazee wa Yuda wamekuja kuketi mbele yake.