Bolwerk na Boulevard: Safari ya Neno Ambatano la Kiholanzi



Mjadala juu ya maneno ya mkopo katika Kiswahili mara nyingi hugeuka kuwa mjadala wa umiliki: neno hili ni la Mwarabu au ni letu? Leo napenda tulitazame suala hilo kupitia neno la Kiholanzi, bolwerk, yaani ngome.

Neno hili ni ambatano la vijenzi viwili. Cha pili, werk, ni kazi au kitu kilichojengwa. Cha kwanza ndicho chenye utata. Katika Kiholanzi cha leo bol ni kitu cha mviringo, hivyo ni rahisi kudhani kwamba bolwerk ni ngome ya duara. Wanaetimolojia, hata hivyo, hukihusisha na neno la kale lenye maana ya gogo au ubao mnene, ambalo ndugu zake ni Bohle la Kijerumani na bole la Kiingereza. Kwa asili, basi, bolwerk ni boma la magogo.

Wafaransa walilikopa neno hilo likawa boulevard, kwa maana ileile ya boma. Mwaka 1670 Mfalme Louis XIV aliamuru kuta za ngome ya Paris zibomolewe, na mahali pake pakatengenezwa njia pana zenye miti. Ukuta ulitoweka, jina likabaki na kuhamia kwenye njia. Baadaye Waholanzi nao walikopa boulevard, nao hulitumia hata kwa njia ya matembezi ya ufukweni, kama ile ya Scheveningen. Mtoto amerudi kwao kwa sura nyingine, akamkuta mzazi bado yu hai.

Kiswahili kina mfano wake. Safar la Kiarabu limetupa safari. Kiingereza kikalichukua kwa maana ya msafara wa kuwinda, kisha wa kutazama wanyama. Na leo Kiarabu chenyewe hutumia safari kwa utalii wa aina hiyo. Nasi, kwa viambishi vyetu vya Kibantu, tumepata kusafirisha na usafirishaji.

Kwa hiyo, etimolojia hutuonyesha neno lilikopita. Haitoi hati ya umiliki. Anayehesabu mikopo ili kuamua Kiswahili ni cha nani anauliza swali ambalo maneno yenyewe hayawezi kulijibu.