Mche Ulioanguka Hauna Kiu

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mche, shina, kinyausi. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti.

Haya, tuanze. Umepanda mbegu za matango na maboga. Zimeota vizuri, kila mche una majani mawili. Asubuhi moja unakuta miche mitatu imelala chini. Unasema, "Miche yangu ina kiu." Unachukua ndoo, unaimwagilia. Kesho yake unakuta imelala kumi. Kwa nini?

Inama, ulitazame shina pale linapotoka ardhini. Mche wenye kiu hunyauka majani, lakini shina lake ni zima, na udongo ni mkavu. Ukiona shina limekuwa jembamba kama uzi, tena laini kama lililochemshwa, na udongo umelowa, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Huletwa na vimelea vya jamii ya ukungu, vidogo mno, vinavyoishi udongoni. Vimelea hivyo hupenda maji mengi. Basi ndoo yako haikuuponya mche. Iliulisha ugonjwa.

Mche uliooza shina hauponi. Kazi yetu ni kuzuia. Fuata mambo haya sita:

1. Panda juu ya tuta lenye kimo cha shubiri moja, ili maji ya mvua yasituame.

2. Tia samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi na kukaribisha ugonjwa.

3. Fukia mbegu kina cha sentimita 2 tu, yaani upana wa kidole gumba. Usizisonganishe. Miche iliyobanana haipati upepo wala jua.

4. Mwagilia asubuhi, si jioni. Kwanza tia kidole udongoni. Kama chini bado pana unyevu, acha ndoo yako.

5. Ukitandaza nyasi shambani, ziache mbali kidogo na shina.

6. Usirudishe matango, maboga wala matikiti mahali pale pale kila msimu. Panda mahindi kwa miaka 2 au 3, kisha urudi.

Na mche ulioanguka je? Ung'oe pamoja na udongo wake, ukautupe mbali na shamba. Usiuonee huruma. Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kisha osha jembe lako kabla ya kwenda tuta jingine.

Mbegu umenunua kwa fedha, na mvua za masika hazikungoji. Kidole kimoja udongoni kitakuokolea vyote viwili.

Sasa zungumzeni darasani: Utajuaje kama mche una kiu au unaumwa? Katika shamba lako, maji hutuama wapi?