Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Siku ya Jubilei



Baba Paroko, wazazi wetu, wanakwaya wenzetu, mengi ya miaka hii 25 mtayasoma katika kurasa nyingine. Sisi tunaomba kusema juu ya dirisha la ukumbi wa mazoezi.

Kuna ndugu aliyekuwa akilala kule stejini. Kila Alhamisi alisimama dirishani akiimba besi pamoja nasi. Tulilifunga dirisha. Tulimwita kichaa, ilhali mama mboga alijua jina lake na kwao.

Ni mama huyo aliyetutafutia jamaa zake. Chifu akatusaidia, na hatimaye akalazwa Mathari, Nairobi, hospitali inayohudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910. Alirudi ametulia, akaimba nasi safu ya nyuma miezi minne. (Besi yake, mwalimu wetu atakubali, inashinda ya wengi wetu.) Tukadhani amepona. Hatukuuliza ni nani anayemnunulia dawa. Zilipokwisha, akarudi stejini.

Ndiyo sababu leo mnatuona na sare za zamani. Fedha za sare mpya zinalipia dawa zake na nauli ya kliniki, na si wanakamati wote walioafiki. Jumamosi tukipeleka chai na mkate stejini, tunaketi na kuulizana majina. Kamera tunaziacha nyumbani, tangu mzee mmoja alipokataa mkate wetu kwa sababu ya picha.

Jumanne ana kliniki. Tunahitaji wawili wa kumsindikiza. Tuonane mlangoni baada ya Misa.